Viazi vya jana, sahani ya leo

Chakula kikibaki roho inatuuma: hakitoshi watu wote, na kukitupa ni kutupa pesa. Wamama wa Uingereza wana njia yao. Viazi na shu vilivyobaki Jumapili wanavikaanga Jumatatu. Wanaviita Bubble and Squeak, kwa sababu ya sauti yake ndani ya mafuta. Kule nyama iligawiwa kwa kipimo kuanzia 1940 hadi 1954, na sahani kama hii ilishibisha watoto.

Tunaponda viazi, tunachanganya na shu iliyopikwa, kitunguu na chumvi. Tunakaanga mpaka chini kuwe kahawia, halafu tunageuza. Sisi tusio na frigo, cha mchana tukikaange jioni ileile. Kikilala, tumbo la mtoto ndilo litakalolipa.