Kulima na Kutunza



Siku moja katika katekesi nilieleza kwamba kitabu cha Mwanzo kinampa binadamu kazi mbili: kulima na kutunza. Kijana wa Kabare, ambako mashamba yanafika hadi mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, aliniuliza: «Mwalimu, mama yangu hana pa kupanda maharagwe. Vinamasi vilivyomo hifadhini vinamlisha nani?»

Nilijibu upesi: matope na mafunjo hushika maji ya mvua na kuyaachia polepole, nayo mashamba ya bondeni huyapata wakati wa kiangazi. Jibu lilikuwa la kweli, lakini nililitoa nikiwa nimeshiba. Tena nilinyamazia jambo moja. Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, Watwa waliondolewa msituni bila kupewa ardhi nyingine. Wanyama walilindiwa makao. Ndugu zetu walipoteza yao.

Tangu siku ile sifundishi utunzaji bila kutaja haki. Juma hili, kila mmoja wenu amtembelee mkulima wa jumuiya yake asiye na shamba la kutosha. Amsikilize kwanza, kabla ya kumshauri.

Tumsifu Yesu Kristo.