Jasho la Delia, Mshono wa Minnie: Kusoma Hadithi za Ndoa ya Mateso

Methali isemayo mvumilivu hula mbivu haikosekani katika maandalio ya somo ya mwanachuo anayejifunza kufundisha Lugha. Ni methali njema inapomhusu mkulima angojaye mvua au mtoto ajifunzaye kusoma. Lakini katika miaka tuliyofundisha fasihi chuoni tumeiona pia ikifanywa kifuniko cha chungu. Hadithi ikimtaja mke apigwaye, mwanachuo huandika chini ya kichwa "Funzo" kwamba mke huyo alivumilia na mwishowe akashinda. Kisha hufunga daftari. Sisi hatulikubali funzo hilo, na tunapenda kueleza sababu zetu kwa hadithi fupi mbili za Marekani ambazo tumezisimulia kwa Kiswahili na kuzijadili na wanachuo wetu mara nyingi.

Ya kwanza ni "A Jury of Her Peers", yaani Baraza la Wenziwe, ya Susan Glaspell, iliyotolewa mwaka 1917. Glaspell alipokuwa mwandishi wa habari katika jimbo la Iowa aliripoti kesi ya mwanamke aliyeshitakiwa kwamba mwaka 1900 alimwua mumewe usingizini. Kutokana na kesi hiyo alitunga kwanza mchezo wa kuigiza, mwaka 1916, halafu hadithi hii. Ya pili ni "Sweat", yaani Jasho, ya Zora Neale Hurston, iliyotoka katika jarida la Fire!! mwezi Novemba 1926. Hurston alikulia Eatonville, Florida, mji mdogo uliotawaliwa na watu weusi wenyewe, na lugha ya watu wa upande huo ndiyo aliyowapa wahusika wake.

Tuanze na hii ya pili. Delia Jones ni dobi. Kwa miaka 15 ya ndoa yake amefua nguo za Wazungu, na kwa jasho hilo amejipatia nyumba ndogo na kupanda miti na maua kuizunguka. Mumewe, Sykes, humpiga, humdhihaki kwa wembamba wake, na fedha zake mwenyewe humpelekea Bertha, mwanamke wa nje. Akijua kwamba Delia huogopa nyoka kupita kiasi, usiku mmoja alimwangushia mjeledi mabegani ili adhani ni nyoka. Baadaye alileta nyoka wa kweli, mwenye sumu, ambaye mkia wake hulia kama njuga. Mwishowe nyoka huyo akaonekana ndani ya kapu la nguo ambazo Delia angezichambua Jumapili usiku. Delia aliwahi kukimbia. Sykes aliporudi alfajiri, yeye ndiye aliyeumwa.

Darasani mwetu swali moja huzuka bila kukosa: kwa nini Delia hakuondoka? Mwaka mmoja mwanachuo wa kike, mtu mzima mwenye watoto, alijibu kabla yetu: "Aondoke aende wapi, na nyumba ni yake?" Jibu hilo liliwarudisha wanachuo kwenye hadithi, wakatafuta upya yale ambayo Delia alitenda. Walikuta kwamba alishika kikaango cha chuma na kumkabili mumewe, naye Sykes asimpige kama ilivyokuwa desturi yake. Walikuta kwamba alihamia kanisa jingine ili asishiriki meza moja na mtu anayemtesa. Walikuta pia kwamba alimwambia waziwazi kuwa anamchukia, na kwamba akimgusa tena atampeleka mbele ya sheria. Mwenye kuyaita haya yote uvumilivu amelipunja neno na amempunja Delia. Sisi tumezoea kuyaita ushupavu.

Lakini hadithi hiyo ina mahali pengine ambapo mwanachuo hupapita haraka: baraza ya duka la Joe Clarke. Wanaume wameketi katika joto la Julai wakimtazama Delia akipita na kigari chake, akipeleka nguo zilizofuliwa. Wote wanajua anavyopigwa, na wote wanamlaani Sykes. Hata wanapendekeza kwamba inafaa kumwadhibu. Kisha joto likawalegeza, mmoja wao akaleta habari ya tikiti maji, na shauri la Delia likaishia hapo.

Katika hadithi ya Glaspell watazamaji ni wa namna nyingine. John Wright amekutwa amenyongwa kwa kamba kitandani, na mkewe, Minnie, yuko rumande. Wakuu wa sheria wanapekua chumba cha juu na banda wakitafuta sababu ya mauaji. Jikoni wanapaona hapana kitu ila vyombo vya wanawake. Waliobaki jikoni ni Bi. Hale, jirani, na Bi. Peters, mke wa mkuu wa polisi. Hao wanaona meza iliyofutwa nusu. Wanaona mshono wa blanketi la viraka ulionyooka vizuri, kisha ghafla ukapotoka. Wanaona tundu la ndege lililovunjwa mlango, na ndani ya kisanduku cha ushonaji wanamkuta chiriku aliyesokotwa shingo. Maisha yote ya Minnie yamo humo. Bi. Hale anaumia kwa kuwa alikuwa jirani na hakuwahi kwenda kumtazama. Wanaume waliporudi, wanawake hao walimficha yule ndege.

Hadithi zote mbili basi zinakomea mahali pagumu. Delia alimsikia Sykes akimwita, na hakwenda kumwokoa. Bi. Hale na Bi. Peters walificha ushahidi. Waandishi hawatutaki tushangilie. Wanatuonyesha kwamba majirani wanapojua wakanyamaza, na wenye sheria wanapotazama wasione, haki hupita njia za vichakani, na hufika na damu miguuni.

Kutokana na hayo tunapendekeza hatua tatu kwa mwalimu asomapo hadithi ya aina hii na watoto wa darasa la sita au la saba. Kwanza, kabla ya kuuliza funzo, aulize watoto wameona nini: vitu gani, mahali gani, vikiwa katika hali gani. Mtoto aliyeuona mshono uliopotoka ameanza kusoma kweli. Pili, aorodheshe ubaoni wote waliojua habari, na mbele ya kila jina aandike alichofanya. Tatu, awaulize watoto ni wapi katika hadithi mtu angeweza kutenda jambo na mwisho ukawa mwingine. Hapo ndipo mahali pa kuwaeleza kwamba nchini Tanzania Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpa mwenziwe adhabu ya kipigo.

Kuna tahadhari moja. Katika darasa la watoto 40 au zaidi, yamkini yumo mmoja ambaye jana usiku alilala akisikia mama yake akilia. Mwalimu asimwulize mtoto ye yote habari za kwao mbele ya wenziwe, wala asiseme kwamba mke mwema ni yule anyamazaye, kwa maana mtoto huyo atayachukua maneno hayo hadi nyumbani. Akiona mtoto amenyamaza kupita kawaida, au amechora alichochora kando ya zoezi, amsikilize faraghani. Kisha alifikishe jambo hilo kwa mwalimu mkuu na kwa ofisi ya ustawi wa jamii, na wiki ifuatayo aulize limefikia wapi.