Balbu, Friji Mbovu na Muratina ya Guka

Najua nimekuwa kimya. Niliahidi kuendelea na somo letu la hifadhidata na nitalimaliza, lakini leo naomba ruhusa nikate kona kidogo. Nataka kuwasimulia jinsi nilivyotumia shahada yangu ya sayansi ya tarakilishi kuipasha joto ndoo ya pombe.

Kwetu ni Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Anayepajua Limuru mwezi wa Julai hahitaji maelezo. Ukungu hulala juu ya majani chai hadi saa nne asubuhi, nguo huanikwa Jumatatu zikaanuliwa Alhamisi, na paka haondoki mekoni. Ni mwezi huo huo kaka yangu mkubwa aliochagua kupeleka ruracio. Kwetu sisi Wakikuyu, upande wa mwanamume hauendi kwa wakwe mikono mitupu. Pamoja na mengine yote, hubeba muratina, na wazee wa upande wa pili huionja.

Tangu nipate akili, muratina ya nyumba yetu imetengenezwa na Guka, babu yangu. Sasa macho yake yamefifia na mgongo haumruhusu kuinama motoni. Tulipokaa kupanga safari alisema kazi hiyo nipewe mimi. Baba hakusema kitu. Alikuwa na sababu.

Sababu yenyewe ni hii. Julai ya mwaka uliotangulia nilijaribu kutengeneza lita 20 peke yangu, nikaiweka ndoo ghalani. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Siku ya tatu nikaingiwa na wasiwasi, nikaihamishia kando ya jiko la kuni ambako joto lilipanda kama matatu ya Githurai. Nilichopata mwishoni kilikuwa na harufu ya siki na rangi ya ukutani. Kilo 5 za asali zilimwagwa nyuma ya zizi. Baya zaidi, matunda ya muratina niliyotumia yaliharibika nayo, na hayo yalikuwa ya Guka.

Kwa wasiofahamu, muratina ni jina la kinywaji na pia la tunda. Tunda hutoka kwenye mti ambao wataalamu huuita Kigelia africana, lile refu linaloning'inia kama soseji kubwa. Hulili hilo tunda. Hupasuliwa, hukaushwa, kisha huwekwa ndani ya maji yaliyochanganywa na asali au maji ya miwa. Pombe ikiisha kuiva, tunda hutolewa na kuanikwa juani, na ndani ya nyuzi zake chachu hubaki imelala ikingoja safari nyingine. Kwa lugha yetu ya kazini, tunda ndiyo nakala ya akiba. Mimi nilikuwa nimefuta nakala ya mtu.

Chachu ni viumbe hai vidogo sana, kila kimoja seli moja. Hula sukari na kutoa kileo, hewa ya ukaa na joto kidogo. Kazi yao inategemea joto la pale walipo. Baridi ikizidi hulala, na wakilala, bakteria wa uchachu hupata nafasi ya kutawala ndoo. Joto likizidi hufanya kazi kwa pupa na kutoa vileo vizito vyenye ile harufu ya rangi. Kwa hiyo kosa langu halikuwa moja. Nilianza kwa kuwagandisha, nikamaliza kwa kuwachoma.

Mara hii nikasema nitafanya kisomi. Nilishuka Nairobi, nikaingia Luthuli Avenue, nikarudi na Arduino moja, kihisi joto kisichoingia maji aina ya DS18B20, rilei, na balbu mbili za wati 60, zile za zamani zinazochoma mkono. Balbu hizi zinalaumiwa kwa sababu sehemu kubwa ya umeme wake huishia kuwa joto badala ya mwanga. Mimi nilitaka hilo hilo joto. Nyumbani kulikuwa na friji iliyokufa miaka mingi, kazi yake kuhifadhi mbegu za viazi. Nikaisafisha. Kuta za friji zina povu ndani linalozuia joto kupita, na povu halijui joto liko upande gani. Lililotengenezwa kuzuia joto lisiingie litazuia pia lisitoke.

Programu yenyewe ilikuwa ya mistari michache. Ukiisoma kwa Kiswahili inasema hivi:

Kama joto liko chini ya 23.5, washa balbu.
Kama joto liko juu ya 24.5, zima balbu.
Ngoja sekunde 10, rudia.

Guka alikataa katakata nijaribie asali. "Kwanza jaribu na maji," akasema. Nikaweka lita 20 za maji ya mtungi, nikaning'iniza kihisi katikati ya friji, nikafunga mlango na kwenda kulala nikijiona mhandisi.

Usiku kucha rilei ililia ta, ta, ta kama cherehani. Asubuhi kumbukumbu kwenye kipakatalishi ilionyesha mstari mzuri ulionyooka kwenye nyuzi 24. Nikafungua ndoo, nikatia kipimajoto cha mkono. Nyuzi 16!

Umeona kosa, ndugu msomaji? Nilikuwa napima hewa. Hewa hupata joto haraka na kulipoteza haraka. Balbu ikiwaka dakika mbili, hewa inafika 24, programu inazima, nayo maji hayajasikia habari yoyote. Hapa ndipo ilipofaa kupiga hesabu mapema. Kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja ya Selsiasi kunahitaji karibu jouli 4,186. Maji yangu yalianza kwenye nyuzi 14. Lita 20 kwa nyuzi 10 ni jouli 837,000 na ushei. Balbu ya wati 60 hutoa jouli 60 kila sekunde. Gawanya, utapata karibu saa 4 za kuwaka bila kupumzika, hata kama hakuna joto lolote linalovuja. Na lazima livuje.

Kwa njia, hicho kipimo cha jouli kimepewa jina la James Prescott Joule, aliyezaliwa 1818 huko Salford, Uingereza, katika familia ya watengenezaji bia, na yeye mwenyewe alifanya kazi katika kiwanda cha familia. Huyu ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1840 kwamba kazi ya mikono au ya mashine hugeuka kuwa joto kwa kiasi kinachoweza kupimwa. Nilipokumbuka hilo nilijisikia nafuu kidogo. Kumbe hesabu za joto na ndoo za pombe ni jamaa wa siku nyingi.

Jaribio la pili, nikakibandika kihisi ubavuni mwa ndoo na kukifunika kwa sifongo ili kisome ndoo badala ya hewa. Sasa balbu iliwaka saa nyingi mfululizo, na kihisi kilipofika 24.5 ikazima. Lakini hewa na kuta za friji zilikuwa zimechemka, na joto lile likaendelea kuingia majini hadi nyuzi 27. Ni sawa na kuzima jiko la makaa ukitegemea sufuria iache kutokota hapo hapo. Nikabadilisha programu: kadiri joto linavyokaribia lengo, ndivyo dakika za balbu kuwaka zinavyopungua katika kila dakika 10. Jaribio la tatu maji yalikaa kati ya 23.6 na 24.3 kwa usiku mzima, wakati nje kipimajoto kilisoma nyuzi 9. Nilimwita kila mtu aje aone mchoro. Mama alisema ni mzuri, akaniuliza kama nimelisha ng'ombe.

Jumatatu ya wiki ya ruracio tukachanganya asali kilo 5 na maji lita 16. Guka alifungua kifuko chake na kunipa matunda manne yaliyobaki. Aliyahesabu mkononi mwangu moja moja, kama mtu anayelipa deni. Kifuniko tulikitoboa tukapitisha mpira mwembamba hadi kwenye chupa ya maji, maana hewa ya ukaa lazima ipate pa kutokea. Jumanne asubuhi chupa ilikuwa ikitoa mapovu. Nilicheka peke yangu.

Jumatano ikaja na mambo ambayo maji hayakunifundisha. Balbu ilikuwa imezimwa tangu alfajiri, lakini kihisi kilisoma 28 na bado kinapanda. Maji hayana uhai. Chachu inayo, na ikishika kasi inatoa joto lake yenyewe. Ilinibidi niache mlango wa friji wazi nusu saa. Programu yangu ilijua kuwasha tu, haikujua kupoza.

Halafu saa nne usiku stima ikapotea.

Nilisimama gizani na tochi ya rununu nikitazama kazi yangu yote ikiwa imekufa: Arduino, balbu, mchoro. Chupa ilikuwa imepunguza mapovu na baridi ya Limuru ilikuwa inapita chini ya mlango. Guka alikuja na bakora yake, akaketi kwenye debe.

"Balbu yako inapasha joto," akasema. "Nani analitunza?"

Akanieleza walivyofanya zamani. Kibuyu kiliwekwa kando ya moto, si karibu sana, kwenye mawe ambayo yalikuwa yamepata joto mchana kutwa. Usiku moto ulifunikwa majivu ili makaa yasife wala yasiwake. Aliyelala karibu alikigusa kibuyu kwa kiganja kila alipoamka, akakisogeza mbele au nyuma. Nikamsikiliza na kugundua kwamba alikuwa ananielezea mtambo wangu. Kiganja ndicho kihisi, kwenye kibuyu chenyewe na si hewani. Majivu ndiyo yale mapumziko ya balbu. Mawe ndiyo akiba ambayo mimi sikuwa nayo kabisa.

Tukachemsha maji kwa kuni, tukajaza madumu mawili ya lita 5, tukayafunga kwa gunia ili yatoe joto polepole, tukayaweka kila upande wa ndoo. Friji tukaifunga na kuitupia blanketi mbili. Niliamka saa nane nikabadilisha madumu. Stima ilirudi asubuhi. Kipimajoto cha mkono kilisoma 23. Chupa ilikuwa ikitoa mapovu, taratibu, kama mtu anayetembea bila haraka.

Kwa wale watakaotaka kujaribu: ya kwetu haikuwa ya kuuza. Kenya vileo vinadhibitiwa kwa sheria ya mwaka 2010, na baba alipita kwa chifu kueleza shughuli kabla hatujagusa asali. Nawe ulizia kwenu kwanza. Pia usiweke balbu ya moto ndani ya boksi la karatasi. Utaunguza nyumba.

Mafunzo matatu, kisha nawaacha. Pima ndoo, usipime hewa. Punguza moto kabla hujafika. Na kabla hujafikiria kuongeza joto, fikiria kulihifadhi, kwa sababu stima itapotea tu. Tangu hapo madumu mawili ya maji hukaa ndani ya friji muda wote, hata balbu ikiwa inafanya kazi. Yakishapata joto, yanalirudisha polepole.

Jumamosi tulifika kwa wakwe saa tano. Mzee mmoja wa upande ule akapokea kikombe, akaonja, akanyamaza, akaonja tena. Halafu akauliza, "Hii imetengenezwa na nani?"

Baba akamtazama Guka. Guka akanyoosha bakora kunielekezea mimi.

Yale matunda manne niliyaanika Jumapili ukungu ulipofunguka. Nilipompelekea Guka kifuko, hakukipokea. Alisema kina msumari wake kule chumbani kwangu.