Barua kwa Mpwa Wangu Aanzaye Kutunga Hekaya

Mpwa wangu mpenzi,

Daftari lako la hekaya limenifikia salama, nami nimelisoma lote kwa makini, pamoja na ramani ya ile milki ya majini na nasaba ya wafalme wake. Na maadamu umenitaka nikwambie yaliyomo moyoni bila ya kukubembeleza, nasema kwamba katika kurasa zote hizo sikumwona mtu hata mmoja aliyeshikwa na njaa.

Najua utacheka. Lakini aghalabu wanaoanza kutunga hekaya za ajabu hudhani kuwa kazi yao ni kurundika maajabu, hali ya kuwa maajabu ni rahisi, na kila mtoto aliyelala na homa amekwisha kuyaona. Lililo gumu ni kumfanya msomaji ayasadiki, naye hayasadiki ila akiyakuta katikati ya mambo anayoyajua, na akiona kwamba yana sheria na yana gharama.

Kitazame kisa cha Sultani Darai, alichokiandika Edward Steere kutoka vinywani mwa watu wa Unguja na kukitia katika kitabu chake cha ngano kilichochapwa London mwaka 1870. Maskini anachakura jaani, anaokota thumuni, anainunulia paa, na paa yule anasema kama binadamu. Kwa nini anasema? Msimulizi hakujishughulisha nalo. Alilotuhakikishia ni bei ya paa na uchafu wa jaa, na kwa hayo mawili tukakubali la tatu. Paa anamtajirisha bwana wake, anamwoza binti wa sultani, anaua joka lenye vichwa saba na kumpatia bwana nyumba ya joka hilo. Kisha paa anaugua, na bwana, aliyekwisha kulewa raha, anaamrisha apewe uji wa ovyo. Paa anakufa na kutupwa kisimani, na yule bwana anajikuta yuko jaani tena, anachakura. Sheria ya ajabu ile haikutajwa popote, walakini ilikuwako tangu ile thumuni, nasi tuliijua siku ilipovunjwa.

Marehemu Shaaban Robert naye, alipotunga *Adili na Nduguze*, kitabu kilichotoka mwaka 1952, aliazima mfupa wa kisa chake katika *Alfu Lela Ulela*. Lakini usimwangalie jini aliyewageuza nduguze Adili kuwa manyani, mwangalie Adili mwenyewe, alazimikaye kuwapiga mijeledi kila usiku, naye huku analia, kisha akawalisha chakula kizuri. Na katika *Kusadikika*, akiisha kutwambia kwamba nchi ile inaning'inia hewani, hatusumbui tena kwa hilo: anatupeleka barazani, kwenye mashtaka na mawaziri wenye kiburi, mambo ambayo msomaji wa mwaka 1951, aliyetawaliwa na Mwingereza, hakuhitaji kufafanuliwa.

Sasa turudi kwenye daftari lako, kwa yule kijana mwenye pete ya kuita upepo. Anauita mara saba, wala hapungukiwi na kitu, ndiyo maana sikumhofia hata kidogo. Lau ingekuwa kila upepo anaouita hunyang'anywa kutoka katika tanga la chombo fulani baharini, na baba yake ni nahodha aliye safarini, je, angeivaa pete ile kwa furaha? Hapo pana hekaya, tena fupi, isiyohitaji wafalme wala vita.

Basi iweke ramani kando, uandike kisa hicho kimoja katika kurasa chache, na kabla ya kukileta kwangu umsomee bibi yako kwa sauti wakati anapochagua mchele, wala usimfafanulie neno. Akikuuliza, "Kisha ikawaje?" endelea, akikuuliza, "Kwani huyu ni nani tena?" kalamu yako ifute hapo hapo.

Wasalaam,
Mjomba wako akupendaye