Mother 3 Haikuji. Sasa?

Wasee, leo naongea na watu wa gemu. Lakini kama hujawahi kushika pad maishani mwako, bado kaa, juu hii story inakuhusu hata wewe.

Kuna gemu inaitwa Mother 3. Ilitoka Japani tarehe 20 Aprili 2006, kwa Game Boy Advance, ile mashine ndogo ya Nintendo ya kushika mkononi. Aliyeiandika ni Shigesato Itoi, mzee ambaye watu walimjua kwanza kwa kuandika matangazo ya biashara. Kutoka siku hiyo mpaka leo ninapoandika, Nintendo hawajawahi kuiuza kwa Kiingereza. Hata mara moja. Na kutoka siku hiyo kuna watu wanaisubiri. Wengine walianza kusubiri wakiwa shule, saa hii wana watoto.

Kuwaelewa hawa watu lazima turudi nyuma kidogo. Mother ya kwanza ilitoka 1989. Ya pili ilitoka 1994, na hiyo ndiyo ilivuka bahari: mwaka 1995 iliuzwa Marekani ikiitwa EarthBound. Sokoni haikufanya vizuri, lakini wachache walioicheza hawakuiachilia tena. Ya tatu ilianza kutengenezwa kwa Nintendo 64, kazi ikasumbua, na mwaka 2000 ikatangazwa kwamba imefutwa. 2003 ikafufuliwa, safari hii kwa Game Boy Advance. Ikitoka 2006, Nintendo DS ilikuwa madukani tangu 2004 na Game Boy Advance ilikuwa inaenda zake.

Sasa jiweke kwa kiti cha kampuni. Una gemu yenye maneno mengi ya kutafsiri, mashine inayozeeka, na jina ambalo Marekani halikuuza. Hesabu hiyo hata mama mboga wa hapa kwetu anaielewa. Hawezi kununua kreti ya nyanya saa mbili usiku na watu wameshapika.

Kwa hivyo mimi siwachukii Nintendo. Kinachoniuma ni kitu kingine. Mwaka 2008 walimchukua Lucas, yule kijana wa Mother 3, wakamweka kwa Super Smash Bros. Brawl apigane na kina Mario dunia nzima. Yaani unauziwa mtu lakini huuziwi hadithi yake. 2014, kwa maonyesho ya E3, wakatoa video ya vikaragosi ya kuchekesha. Shabiki mmoja anapaza sauti akidai Mother 3, na Reggie Fils-Aimé, aliyekuwa mkubwa wa Nintendo huko Marekani, anamchoma kwa moto. Watu walicheka. Hata mimi nikiitazama hucheka. Lakini ukiifikiria vizuri, walikuwa wanajua kabisa nani anangoja na anangoja nini.

Halafu matumaini yanapenda kurudi. Juni 2015, ile Mother ya kwanza ya 1989 ilitolewa kwa Kiingereza kwenye Wii U. Watu wakasema ah, basi ya tatu inafuata. Februari 2024 Mother 3 ikaingia kwa huduma ya Nintendo Switch Online. Shangwe. Kusoma vizuri: Japani pekee, kwa Kijapani.

Sasa hapa ndio hadithi inakuwa tamu. Kuna watu walichoka kusubiri mapema. Mwaka 2006 wenyewe, kundi la mashabiki wakiongozwa na Clyde Mandelin, anayejulikana mtandaoni kama Tomato, walitangaza kwamba wataitafsiri wao. Mandelin si mtu wa kubahatisha. Kazi yake ya kila siku ni kutafsiri Kijapani. Walimaliza Oktoba 2008. Na msidhani ni kuandika maneno tu. Gemu ilijengwa kuonyesha herufi za Kijapani, ambazo zote zina upana mmoja. Kiingereza kina herufi nyembamba kama i na nene kama w, na sentensi zake ni ndefu. Kwa hivyo kuna watu walikaa wakifungua matumbo ya programu na kuandika upya jinsi inavyochora maneno kwenye skrini. Bila mshahara. Walichotoa ni kiraka tu, unakibandika kwa gemu uliyo nayo. Mwaka 2013 Mandelin alijitokeza hadharani akawaambia Nintendo wachukue kazi yake bure, wakitaka waitumie, mradi tu gemu itoke rasmi. Haikutoka.

Mimi niliicheza hiyo ya mashabiki, kwa simu yenye kioo kimepasuka kona. Na niseme kwa nini, juu bila hii mtadhani napiga tu domo la gemu.

Mathe aliaga nikiwa mwaka wa pili chuoni. Pesa zilikuwa zimeisha hospitalini, kaka yangu mdogo alikuwa na miaka kumi, na shosho hangeweza kumlea peke yake. Niliacha chuo nikarudi nyumbani. Sijuti, na leo si siku ya hiyo mada. Shida ilikuwa huyu brathe. Hakulia. Alikula, akaenda shule, akarudi, akalala. Ukimtaja mama anainuka anaenda nje. Shosho alijaribu, pastor akajaribu, mimi nikajaribu, wapi.

Kama hutaki kujua Mother 3 inaanzaje, ruka aya mbili. Kuna kijiji kinaitwa Tazmily. Kuna mapacha wawili, Lucas na Claus, baba yao Flint, mama yao Hinawa, na mbwa anaitwa Boney. Sura ya kwanza haijaisha, Hinawa ameuawa msituni. Jirani anamletea Flint habari usiku, watu wameketi kando ya moto. Na Flint, mwanaume mpole ambaye umekuwa ukimwongoza wewe mwenyewe kwa vidole vyako, anapandwa na wazimu. Anachukua gogo anaanza kuwapiga majirani waliokuja kumsaidia. Inabidi wamtulize kwa nguvu na kumfungia.

Nilikuwa nacheza usiku, brathe ameegemea bega langu. Kiingereza chake hakikuwa kimefika hapo, kwa hivyo nilikuwa namsomea kwa Kiswahili, sauti moja ya Flint, sauti nyingine ya jirani. Tulipofika kando ya moto aliniuliza, "Mbona anawapiga na hawajamfanyia kitu?" Nikamwambia hana mwingine wa kupiga. Akanyamaza kama dakika moja. Halafu akasema, "Mimi nilitaka kumpiga daktari." Tulikaa hivyo mpaka saa nane. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza aliongea kuhusu mathe.

Sisemi gemu ilimponya mtu. Nasema maneno yalimfikia. Mzee wa Kijapani aliyaandika, mashabiki wa Marekani wakayabeba bure mpaka Kiingereza, na mimi nikayabeba hatua ya mwisho mpaka kwa kitanda chetu. Ukitoa mtu mmoja hapo katikati, brathe anabaki kimya.

Ndio maana huwa nakasirika nikisikia mtu akisema, "Si ni gemu tu, kwani mnangoja nini, jifunzeni Kijapani." Buda, kuna wanaojifunza, na heshima kwao. Lakini mtoto wa miaka kumi aliyefiwa haambiwi aende darasani miaka mitano ndio apate hadithi. Kutafsiri ni kumkubali mtu aingie bila kumtoza kwanza.

Na hebu tuwe wakweli sisi wenyewe. Mashabiki wa Kiingereza wanalalamika wameachwa nje ya mlango. Sisi tumeachwa nje ya geti. Tunangoja gemu itoke Japani iende kwa Kiingereza, halafu tunaita hiyo "imetufikia." Kiingereza tulifundishwa kwa kiboko na kadi ya kuvaa shingoni ukipatikana unaongea lugha ya mama, leo tunakingoja kana kwamba ni chetu. Kundi la Mandelin liliwapa watu wa lugha zingine vifaa vyao vya kazi, na leo Mother 3 ya mashabiki ipo kwa Kihispania, Kifaransa, Kiitaliano. Ya Kiswahili sijaiona.

Lakini usiniambie hatuwezi, juu sisi tumefanya hii kazi miaka mingi bila kuiita jina. Nani hapa hakukulia kwa DJ Afro? Filamu ya Hong Kong au ya India, watu wanarushana mateke, na sauti moja inakuelezea kila kitu kwa Kiswahili na Sheng hadi unasahau kwamba mwigizaji hajawahi kufika Gikomba. Uganda wana maveejay wao wanaofanya hivyo kwa Kiganda. Hakuna kampuni iliyowatuma. Waliona watu wamejaa kwa kibanda cha video hawaelewi kinachosemwa, wakashika maiki. DJ Afro na Tomato ni watu wa kazi moja. Tofauti ni kwamba mmoja alibandika maneno kwa skrini, mwingine akayamwaga masikioni.

Na kuna faida ya kupiga kelele na kufanya kazi pamoja, si ndoto. 2011 mashabiki walianzisha kampeni inaitwa Operation Rainfall, wakitaka gemu tatu za Wii zifike Marekani: Xenoblade Chronicles, The Last Story na Pandora's Tower. Zote tatu zilifika, ya mwisho 2013. Leo Xenoblade ni jina kubwa. Kuna kundi lingine, Geofront, lililotafsiri The Legend of Heroes: Trails from Zero. Badala ya kufukuzwa, tafsiri yao ilitumika kwa toleo rasmi la Kiingereza la 2022. Kulikuwa na Live A Live ya 1994, iliyosubiriwa miaka 28 mpaka ikatoka kwa Kiingereza 2022. Kwa hivyo anayewaambia mashabiki wa Mother 3 waache kutumaini hajasoma historia. Ila angalia vizuri: Operation Rainfall hawakukaa wakitamani. Waliandika barua, wakaagiza gemu mapema kuonyesha wanunuzi wapo, wakapanga. Geofront walileta kazi iliyokamilika mezani.

Mimi mwaka huu nimeanza na daftari. Sijui kufungua matumbo ya programu, na sijidai najua. Lakini naweza kuandika. Naandika mazungumzo ya sura ya kwanza kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, na wacha niwaambie, si mchezo. Kuna vyura ndani ya Mother 3. Ukitaka kuhifadhi ulipofika unaongea na chura. Chura wa Kiswahili anaongeaje? Nilijaribu Kiswahili cha kitabu, akasikika kama msoma habari. Brathe akasema chura lazima aongee kama makanga. Tukamfanya makanga, akakaa sawa. Halafu baadaye kuna watu waliovaa barakoa za nguruwe wanaoleta pesa kwa kijiji kisichojua pesa ni nini, pamoja na kisanduku wanachodai kitaleta furaha kwa kila nyumba. Hapo sikuhitaji kufikiria. Mtu yeyote ambaye amewahi kuona mtaa mzima ukiingia kwa mikopo ya simu na kubeti ana maneno ya hiyo sura tayari.

Hiyo ndio faida ambayo huipati ukingoja. Ukitafsiri unagundua hadithi ilikuwa inakuongelea wewe.

Sasa kuna mmoja wenu anasoma hii na anajua kodi, yuko tu kwa nyumba akingoja kazi ambayo haijajibu. Kuna mwingine anaandika Kiswahili kitamu kuliko changu, amemaliza kozi ya lugha na kila mtu anamuuliza hiyo itampeleka wapi. Kuna mwingine anachora herufi. Kundi la Tomato halikuwa jeshi, lilikuwa watu kama hao. Tukianza na gemu ndogo, hata ya dakika ishirini, ambayo mwenyewe ameturuhusu, tutakuwa tumeshajua kazi inafanywaje siku kubwa ikija.

Nintendo wakiamka kesho watangaze Mother 3 ya Kiingereza, nitapiga nduru mpaka shosho aje na maombi. Nitainunua hata kama ni kwa kuchangisha. Lakini saa hii nina sura ya kwanza, kurasa 31 za daftari, na mhariri wa darasa la sita ambaye hanipi raha. Kama unajua kodi, nitafute. Na kama una jina zuri la Kiswahili la mbwa Boney, hapo ndio tumekwama.