postsuper haikuulizi mara mbili

Wasee huniambia kazi ya seva ni kukariri amri. Zii. Amri nilikuwa nazijua vizuri siku niliyoharibu.

Kuna shule hunilipa niwatunzie seva ya barua pepe, Postfix juu ya Linux. Usiku mmoja mtu aliiba nenosiri la karani akaanza kurusha barua taka. Nikaandika mailq, nikaona foleni ya maelfu. Nikapaniki. Nikapiga postsuper -d ALL, foleni ikawa tupu. Nikalala nikijiona jamaa.

Asubuhi mwalimu mkuu akapiga simu. "Kijana, mbona wazazi hawajapata barua za mkutano?" Zilikuwa kwenye ile foleni. Seva za nje zilikuwa zimeanza kutukawiza sababu ya zile taka, na barua za shule zikakwama nazo. Na Postfix haina debe la taka, ukifuta umefuta.

Ningetulia, ningebadilisha nenosiri kwanza, kisha postsuper -h ALL, inayozuia barua bila kuzifuta. Halafu nachambua kwa anwani ya mtumaji, natoa za mwizi pekee. Haraka ya nini, na barua iliyokwama Postfix huendelea kuijaribu hadi siku 5 usipobadilisha mipangilio?

"Mwalimu, nimezifuta mimi," nikamwambia. Akanyamaza, kimya ya kuogofya.

Bahati, /var/log/mail.log ilikuwa bado na anwani za wazazi. Nilikaa na karani hadi saa kumi jioni tukituma upya, moja moja. Pesa ya mwezi huo sikuitisha.