Mgeni wa Dirishani

Kwenye meza ya mapokezi ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi, huku England, kuna daftari la wageni. Kila siku saa sita kasoro robo mchana alikuwa akifika mzee mmoja, fundi wa reli mstaafu, anaandika jina lake humo, kisha anakwenda kumlisha mkewe ambaye ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeshamchukulia maneno. Anampondea viazi, anamsugua kidevu kidogo ili ameze. Ujanja huo wa kidevu alitufundisha yeye. Miaka mitatu hivyo. Kwetu mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alilishika mwenyewe, na daftari likaendelea kumwita mgeni.

Nami nilikuwa na kiburi changu. Nilitoka Tanga na ile hukumu ambayo wengi wetu hupanda nayo ndege, kwamba Wazungu huwatupa wazazi wao. Nilikuwa nikimsimulia mama kwenye simu, naye akiguna tu. Sikujiuliza yeye alikuwa analelewa na nani wakati mimi nalea mama wa watu.

Machi 2020 tukafunga mlango kwa ajili ya korona. Miezi hiyohiyo wagonjwa walikuwa wanatolewa hospitalini na kupelekwa kwenye nyumba za wazee nchini bila kupimwa. Mahakama Kuu ilikuja kuamua Aprili 2022 kwamba sera ile haikuwa halali, kwa sababu haikuzingatia kwamba hata asiye na dalili anaweza kuwaambukiza wazee. Kufikia katikati ya Juni 2020, wakaazi zaidi ya 19,000 wa nyumba za namna hii, England na Wales, walikuwa wamekufa na korona imetajwa katika vyeti vyao vya vifo. Sasa nani angebisha kufunga mlango? Mimi sikubisha. Alhamisi saa mbili usiku majirani walitoka vibarazani kutupigia makofi, nami niliyapokea.

Mzee hakuacha kuja. Saa yake ikifika anasimama nje ya dirisha la mkewe, mvua inyeshe, isinyeshe. Mimi ndani, na glavu na barakoa, namlisha. Yeye nje anasugua kidevu chake mwenyewe kunikumbusha. Mke hakuangalia dirisha. Alikuwa akiangalia kijiko. Tulijaribu na tableti, akawa anaipapasa kama sahani.

Jioni moja nikamweleza mama.

"Mwanangu, na huyo baba anasimama muda wote huo?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo sheria."

"Sheria imekataza kiti?"

Nilinyamaza. Mtoto wa Tanga, niliyelelewa kwenye nyumba ambayo hata mwenye kudai deni huambiwa kwanza "karibu kiti", nilikuwa nimemwacha mzee wa miaka themanini na kitu asimame kwenye majani mabichi wiki saba. Kesho yake nikatoa kiti cha plastiki. Alikitazama, akanishukuru mara nyingi kupita kiasi, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Februari 2021 mkewe alikuwa anakata roho, na kwa hali hiyo kuingia kuliruhusiwa. Tukamvisha mzee aproni, glavu, barakoa na ngao ya plastiki usoni. Alipoinama kitandani, yule mama alimwogopa. Akanyoosha mkono kunitafuta mimi, ambaye sauti yangu alikuwa ameizoea mwaka mzima. Mume akarudi nyuma hatua moja, kwa adabu, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba siyo. Ningeweza kuukwepa ule mkono nikampisha. Niliushika.

Machi 8 mwaka huohuo kila mkaazi akaruhusiwa mtu mmoja wa kumtembelea na kumshika mkono. Zilikuwa zimepita wiki tatu tangu tuutoe mwili wa yule mama.

Siku hizi mambo ni mengine. Tangu Aprili 6, 2024 kanuni inazitaka nyumba hizi ziwaruhusu wakaazi kutembelewa, isipokuwa kukiwa na sababu nzito kweli. Daftari bado lipo mezani. Mama naye miguu imemchoka, na binti anayemsaidia kule Tanga ndiye anayejua chai yake iwe na sukari kiasi gani. Mimi huuliza.

Jumapili iliyopita alikuja mwanamke kumwona baba yake kwa mara ya kwanza tangu tumpokee. Kabla sijampa kalamu nikamvutia kiti, nikamwambia akae. Akashtuka, akashika kifua. Kumbe huku mhudumu akikukalisha kwanza, ujue kuna msiba.